Uchambuzi wa kisa: pikipiki iliyolala kwenye trela baada ya Mombo, safari ya Krismasi Dar kwenda Moshi

Kabla sijaanza

Kisa hiki ni cha kweli na mimi nilikuwemo ndani ya gari, kiti cha mbele kushoto. Majina nimetoa, namba za gari nimetoa, kijiji sikitaji na mwaka pia nimeuacha, maana mwenye pikipiki ni shemeji yangu, kaniruhusu niandike ila hataki ndugu wakae wanamjadili kila sikukuu. Naandika kwa sababu Desemba kila mwaka naona trela ndogo barabara ya Chalinze–Segera zimebeba pikipiki zilizofungwa vilevile kama tulivyofunga sisi, na nikiwa nyuma yake moyo unanienda mbio.

Mazingira

Shemeji anaishi Dar na kila Desemba anapanda Kilimanjaro na dada yangu na watoto, kwao ni juu mlimani, lami inaishia chini alafu unabaki na njia ya udongo mwekundu ambayo ikinyesha gari haipandi. Mwaka ule mzee wake alikuwa anasumbuliwa na miguu, kwa hiyo kila siku kungekuwa na mtu wa kutumwa dawa au kumfata mgeni stendi, ndo akaamua aende na pikipiki yake. Sio hizi za bodaboda, ni ya cc 250 (ukubwa wa injini), ya matope, imenyanyuka juu, shokapu za mbele ndefu, uzito kama kilo 135 hivi.

Kuiendesha mwenyewe kilomita 550 na kitu kwa barabara ya wiki ya Krismasi hakutaka, na dada hakutaka hata kusikia. Kuipakia kwenye basi ilishindikana, wiki ile mabasi yanajaa mizigo mpaka juu na pikipiki ndefu namna ile wangeilaza. Ikabaki trela. Akaazima ya rafiki yake, ya ekseli moja, ambayo huwa inabeba jenereta na matenki ya maji. Sakafu ni plaiwudi juu ya fremu ya anglaini (vyuma vya pembe), pembeni mabomba ya chuma yanafika magotini, na kwenye kona nne kuna pete zimechomelewa kwa ajili ya kufungia mzigo. Taa zilikuwa zinawaka, cheni ya usalama ipo, matairi yana upepo. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanaanza kulaumu trela, trela lilikuwa zima kabisa.

Usiku wa kufunga

Tulipakia saa tatu usiku, getini, kwa mwanga wa taa moja ya ukutani, na safari ilikuwa saa kumi alfajiri. Tumechoka wote. Shemeji alikuwa ametoka Kariakoo na mikanda ya racheti, ile ya mkono unaoupiga klik klik mpaka inakaza, alichukua pakiti mbili akijua kila moja ina mikanda miwili, kufungua ni mmoja mmoja. Kwa hiyo tukawa na mikanda miwili tu, na duka la karibu limefungwa. Akasema mbele tutatumia mikanda, nyuma tutatumia kamba ya manila iliyokuwa stoo.

Kitu kingine, dada alitaka watoto wakae vizuri ndani ya gari kwa hiyo gunia la mchele la kilo 50 na kreti mbili za soda vikaenda kwenye trela, na vikapakiwa KWANZA. Gunia likasimamishwa mbele kabisa limeegemea ubao. Pikipiki ilipopandishwa haikufika mbele, tairi lake la mbele likaishia kwenye gunia. Nakumbuka mmoja wetu akasema afadhali, gunia litaizuia isisogee. Tukakubali wote pamoja na mimi.

Stendi ya pembeni ilishushwa ili pikipiki isianguke wakati tunahangaika na mikanda, na haikupandishwa tena. Mikanda ya mbele ikashikwa kwenye usukani, karibu na raba za kushikia, kila upande mmoja, ikashuka mpaka pete za kona za mbele. Ndoano zake zilikuwa zile za wazi, zimejikunja tu kama herufi S, hazina ulimi wa kufunga mdomo. Fundi wa mtaani aliyekuja kutusaidia akakaza mpaka shokapu za mbele zikazama karibu zote, akapiga usukani kwa kiganja akasema hii haiendi popote. Nyuma tukazungusha manila kwenye keria, tukapiga mafundo, tukamaliza. Kwa vile mawingu yalikuwa yameshuka, juu tukafunika turubai la bluu, tukalivuta likakaa vizuri kabisa, mtu akiliona anasema hawa watu wako makini.

Nimeeleza hatua zote hizi kwa kirefu makusudi. Hakuna hata moja iliyofanywa kwa uzembe, kila moja ilikuwa na sababu yake na sababu ilisikika vizuri usiku ule.

Safari mpaka Segera

Tukatoka kwa wakati. Kibaha foleni, Mlandizi foleni tena, Chalinze tukafika kumeshakucha. Tukanywa chai. Shemeji akazunguka trela, akaangalia matairi, akagusa turubai, akasema lipo vilevile. Hapo tulikuwa tumeshatembea kama kilomita 100, na mpaka leo naamini mikanda ilikuwa imeshalegea, ila hakuna aliyefunua.

Msata, daraja la Wami, Mkata, Kabuku, barabara nzuri, gari inaenda 80, kwenye vijiji inashuka 50 kwa sababu ya trafiki. Segera tukaweka mafuta. Mi nikamuuliza, shem, tufunue tuone? Akasema tukifunua kulikunja tena turubai ni nusu saa, na watoto wanalia joto. Nikanyamaza. Nilitakiwa kusisitiza, nilikuwa na wasiwasi, kuna mlio mdogo nilikuwa nausikia tangu Mkata kila tukipita tuta, kama chuma kinagonga ubao, tok, nikajiambia ni kreti za soda.

Baada ya Mombo

Tukapita Korogwe, mashamba ya mkonge, tukapita Mombo, milima ya Usambara iko kulia. Kijiji kimoja mbele ya hapo kulikuwa na tuta ambalo rangi yake imefutika, shemeji aliliona kwa kuchelewa. Gari ilipita kama kwenye 55 hivi, ikatua vizuri. Trela ikaruka.

Nikasikia ngo! alafu kitu kikubwa kinaburuzika. Nikatazama kioo cha upande wangu, turubai limevimba kushoto kama mtu anataka kutoka ndani yake, alafu likachanika na usukani wa pikipiki ukachomoza nje, umepita bomba la pembeni kwa zaidi ya futi moja, upande wa waenda kwa miguu. Na mbele yetu, mita 60 au 70 hivi, kulikuwa na kijana juu ya baiskeli kabeba mzigo wa majani.

Shemeji mguu ulikuwa unaenda kwenye breki. Nikamwambia, shem usikanyage, achia mafuta tu, ivute kulia taratibu. Akapiga honi ndefu, akaachia mafuta, trela likawa linayumba ila halikukata kona, kijana akaisikia honi akashuka na baiskeli yake yote mpaka kwenye majani. Tukampita. Tukasimama kama mita 150 mbele yake, pembeni kabisa, taa za hatari zinawaka.

Watoto walitaka kushuka, dada akawazuia ndani. Nilikimbia kumuangalia yule kijana kwanza, alikuwa mzima, anatetemeka, mimi pia. Nikamuomba radhi. Akanijibu tu, hamna shida kaka, ila fungeni mzigo wenu.

Tuliyoamua pale pembeni ya barabara, na kwa nini

Jambo la kwanza ni pembetatu za tahadhari, tukaweka moja nyuma mbali na nyingine mbele. La pili, harufu ya petroli. Pikipiki ilikuwa imelala upande wa kushoto juu ya kreti na gunia, petroli inatoka kidogo kidogo kwenye kifuniko cha tenki na inalowesha mchele. Shemeji akafunga koki ya mafuta, ambayo usiku tuliiacha wazi. Gari akaizima.

Alitaka tuisimamishe haraka, tukaze tena, tuondoke. Mi nikakataa, nikamwambia tukiifunga vilevile itaanguka vilevile. Tukiwa tunabishana likasimama lori la saruji nyuma yetu, akashuka mzee mmoja na utingo wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna mtu kaumia?"

Tukamwambia hapana. Akazunguka trela kimya, akaishika ndoano moja iliyokuwa inaning'inia, akaigeuza geuza mkononi. Kisha akainama akaangalia stendi. Stendi ilikuwa imetoboa plaiwudi, imezama kwenye tundu mpaka kwenye kiungo chake. Akasema, "Vijana, hii mmeifunga kama inalala dukani."

Akatuambia tushushe kila kitu, mpaka gunia na kreti, tuanze upya trela likiwa tupu. Hiyo ndo ilikuwa kazi ya saa moja na nusu juani, na ndo maamuzi bora ya safari nzima.

Pikipiki ikapandishwa mpaka tairi la mbele likagusa ubao wa mbele wa trela, ubao wenyewe, mbao na chuma. Utingo akaenda kwa fundi seremala wa kijijini akarudi na kabari mbili za mti mgumu, tukazipigilia kwenye sakafu kulia na kushoto kwa tairi ili lisigeuke. Stendi ikapandishwa juu. Mzee akakata vipande viwili vya mkanda wa zamani wa lori lake, akavizungusha kwenye ile sahani ya chini inayoshika nguzo mbili za foku (ndo hizo shokapu za mbele), juu ya tairi la mbele, vikawa vitanzi laini, mikanda yetu ikashikia hapo badala ya mwisho wa usukani. Akatuelekeza tukaze kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia tena, pikipiki ikiwa imenyooka, mpaka shokapu zimeshuka kama theluthi. Hapo akasema basi. Shemeji alitaka kuongeza, mzee akamshika mkono.

Midomo ya ndoano zote ikafungwa kwa waya laini ule wa kufungia nondo, mizunguko mitatu mitatu.

Nyuma hatukuwa na mikanda. Mzee akatuuzia mmoja, upande wa pili utingo akafunga kwa manila yetu ileile, ila kwa fundo lao la malori. Nilisimama karibu nikaangalia mikono yake. Anakunja kitanzi katikati ya kamba, anakipindua mara mbili kikajibana, ncha anaipitisha kwenye pete ya chini, anairudisha juu kupitia kile kitanzi, alafu anavuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili wake wote. Kamba inakaza kama imepita kwenye puli, mpaka ukiipiga kidole inalia. Kisha anabana pale pale kwa vidole viwili na kupiga mafundo mawili. Sisi usiku ule tulikuwa tumevuta kwa mikono alafu tukapiga fundo, na kila ukipiga fundo ile uliyovuta inarudi nyuma.

Mwisho akamwambia shemeji ashike usukani aitikise pikipiki kwa nguvu. Akaitikisa, na trela lote likatikisika, mpaka gari. Mzee akasema hicho ndo kipimo, ikitikisika pikipiki peke yake bado haijafungwa.

Gunia na kreti vikarudi katikati juu ya ekseli, vikafungwa peke yake. Turubai likakunjwa likaingia kwenye buti. Mzee hakutaka hela zaidi ya ile ya mkanda.

Matokeo

Tukasimama baada ya kilomita 15, mikanda ya mbele ilikuwa imelegea kidogo, tukaongeza klik mbili kila upande. Hedaru tukasimama tena, haijalegea. Same, sawa. Kati ya Same na Mwanga upepo ulikuwa unapiga kutoka pembeni mpaka gari inasukumwa, pikipiki haikusogea. Moshi tukafika giza limeingia.

Hasara: mkono wa klachi ulivunjika, kioo cha kushoto kilivunjika, usukani umepinda, stendi imepinda, plaiwudi ina tundu, turubai limechanika. Mchele ulinuka petroli wote, hakuna aliyethubutu kuupika, kilo 50 za sikukuu zikaishia shimoni. Baada ya siku mbili foku ya kushoto ikaanza kutoa oili kwenye sili (mpira unaozuia oili isivuje). Hakuna mtu aliyeumia, na hilo siliiti matokeo ya mipango yetu, ni yule kijana kusikia honi.

Uchambuzi

Tukiongea kisa hiki na shemeji mpaka leo hatukubaliani sababu kuu. Yeye anasema ndoano. Mi nasema gunia, na nitaeleza kwa nini.

Kinachofanya mkanda ukae umekaza kwenye pikipiki ni shokapu. Unaivuta pikipiki chini, springi inataka kuirudisha juu, huko kusukumana ndo kunafanya mkanda uwe mgumu. Trela likiingia kwenye shimo au likipiga tuta, pikipiki inazama zaidi ya pale ulipoikazia, na kwa nukta moja mkanda unakuwa hauna kazi, umelegea. Ndoano ya wazi ikilegea kwa nukta moja tu inaweza kuruka kutoka kwenye pete. Kwa hapo shemeji yuko sahihi, ndoano ingekuwa na ulimi, au tungeifunga waya, isingetoka. Na tairi likigusa ubao wa kweli na foku imeshikwa chini, hata mkanda mmoja ukitoka pikipiki huenda ikainama tu, isitoke nje ya trela.

Ila ndoano zilitoka baada ya kilomita zaidi ya 300, kwa nini hazikutoka Kibaha? Kwa sababu mwanzoni shokapu zilikuwa zimebanwa sana na nafasi ya kulegea ilikuwa ndogo. Mchele ndani ya gunia unakaa vizuri kadiri unavyotikiswa, mtu yeyote aliyewahi kujaza debe analijua hilo, unatikisa unapata nafasi ya kuongeza. Gunia letu lilijishindilia lenyewe kilomita baada ya kilomita, na tairi la mbele likawa linalifuata, sentimita kwa sentimita. Mikanda ya mbele ilikuwa inavuta kwenda mbele na chini, kwa hiyo kila pikipiki ikisogea mbele mikanda inalegea. Nyuma manila ambayo ingeizuia isiende mbele ilikuwa imevutika ikalegea na mafundo yamejiteleza. Tulipofika Mombo ile pikipiki ilikuwa imesimama kwa stendi yake tu, na mlio ule wa tok niliousikia tangu Mkata ulikuwa wa stendi inachimba plaiwudi.

Na stendi nayo ina sehemu yake kubwa. Watu wengi wanaona kuiacha chini ni usalama wa ziada. Stendi ya pembeni inaifanya pikipiki iegemee kushoto, kwa hiyo mikanda haiko sawa tangu mwanzo, wa kulia umenyooka wa kushoto umelegea, na uzito unabebwa na kipande cha chuma kinachokanyaga eneo dogo kama kiberiti. Ikitoboa ubao pikipiki inazidi kuinama, mkanda wa kushoto unazidi kulegea. Imeangukia kushoto kwa sababu tuliielekeza kushoto sisi wenyewe.

Hesabu kidogo. Ulaya wanaofunga mizigo ya malori wanahesabu kwamba kwenye breki kali mzigo unasukuma mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma kwa nusu. Kwa pikipiki ya kilo 135 maana yake kuna kilo 108 zinasukuma kwenda mbele ukikanyaga breki, na kilo karibu 70 kwenda pembeni kwenye kona. Sasa angalia sisi, za mbele zilikuwa zinazuiwa na gunia la mchele na manila, za pembeni zinazuiwa na mikanda iliyoshikwa mwisho wa usukani. Mwisho wa usukani ni mbaya kwa sababu mbili, unapinda, na ukivutwa upande mmoja tairi linageuka na pikipiki inapoteza mhimili. Ukishika kwenye sahani ya foku usukani hauna la kufanya.

Kuhusu kukaza mpaka shokapu zimezama zote, sitasema moja kwa moja kwamba ndo kulikopasua sili, pikipiki ni ya zamani na sili huzeeka. Ila kukaza vile mwishowe hakukutuokoa. Theluthi inatosha kabisa, na zikizama zote kila tuta linapiga chuma kwa chuma.

Mpangilio wa mizigo ungeweza kutuletea balaa lingine kabisa. Kwenye trela ya ekseli moja unataka uzito uelemee mbele kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela na mzigo wake ikae kwenye kichwa cha kuvutia, pale trela linaposhikana na gari. Ukielemea nyuma trela linaanza kucheza kama mkia wa mjusi ukifika mwendo. Sisi pikipiki ilisogezwa nyuma kumpisha mchele, kwa bahati gunia na soda vilikuwa mbele vikasawazisha. Hatukupima, hatukufikiria hata kidogo.

Turubai ndilo linaloniuma kuliko yote. Lilifanya mambo mawili mabaya kwa pamoja, lilikamata upepo likawa linaitikisa pikipiki kilomita 300, na lilituficha. Tulisimama mara mbili, Chalinze na Segera, na mara zote mbili tuliishia kwenye turubai. Mkanda haukaguliwi kwa macho hata ukiwa wazi, unavutwa kwa mkono. Kusimama kwa kwanza kunatakiwa kuwe mapema sana, kilomita 15 au 25 tangu kuondoka, kwa sababu ndo hapo kila kitu kinakaa kwenye nafasi yake na mikanda inalegea, kama ilivyotokea tulipofunga upya. Chalinze ni mbali mno kuwa kituo cha kwanza.

Yaliyofanya kazi pia yapo. Kutokanyaga breki ndo kulituokoa, breki kali pale ingemalizia kuitoa pikipiki nje kabisa na ingeangukia njia ya yule kijana. Kushusha mzigo wote na kuanza upya kulituuma kwa muda ila kuliondoa makosa matano kwa mkupuo. Na kukubali kufundishwa, maana shemeji ni mtu mwenye pikipiki miaka mingi, alikuwa na kila sababu ya kumwambia yule mzee asante tutamalizia wenyewe, hakusema hivyo, akakaa chini akashika kabari utingo akapigilia.

Kurudi Januari

Tulirudi na pikipiki kwenye trela ileile. Moshi mjini tukanunua mikanda minne yenye ndoano za ulimi, na fundi welda akatuchomelea vyuma viwili vya anglaini vya kushikilia tairi la mbele, kazi ya nusu saa. Kati ya tairi na sahani ya foku tukaweka kipande cha mbao, kwa hiyo shokapu zina pa kuishia na mkanda haupati nafasi ya kulegea hata tukipiga tuta. Mikanda ya nyuma tukaivuta kutoka kwenye fremu kwenda nyuma na chini, kila mmoja kama nyuzi 45. Mkanda wenyewe tukaupindua nusu duara ili usipige kelele na upepo, mikia iliyobaki tukaifunga isije ikashikwa na tairi. Gia namba moja, koki ya mafuta imefungwa, stendi juu. Hakuna turubai, mvua ikinyesha inyeshe, pikipiki ya matope inajua maji.

Himo tukasimama, zile klik mbili zikapatikana kama kawaida. Same hakuna. Kijiji kile cha baada ya Mombo tulipita kwa 20, lile tuta bado halina rangi, na shemeji akasogeza gari pembeni mita chache mbele yake bila mtu kumwambia, akashuka, akavuta mkanda mmoja mmoja kwa mkono, wa mwisho akauvuta mara mbili.